Mnyoo wa Akron

Kila safari yangu ya kwenda Ziwa Naivasha, Kenya, inapokaribia, simu huanza. Binamu zangu hawaulizi viatu wala perfyumu. Wanataka minyoo ya plastiki, pakiti kadiri mkoba utakavyobeba, na swali lao ni lile lile: mtu akisimama ukingoni bila mashua, mbele yake mafunjo na matope, afunge mnyoo gani ili ampate besi mweusi, na aufunge vipi? Kwa kuwa ninaishi Texas Mashariki, kwenye nchi ya samaki huyo, wananihesabu bingwa. Jibu la haraka lingetosha kwenye ujumbe wa simu. Lakini kila mtindo wa kufunga mnyoo ulizaliwa mahali fulani, kwa sababu ya shida ya maji fulani, na asiyejua shida ile ilikuwa gani atafunga kwa kubahatisha. Kwa hiyo naanzia mbali, mji wa Akron, jimbo la Ohio.

Akron ulikuwa mji wa mpira. Goodyear, Firestone na B.F. Goodrich, wote walikuwa na viwanda vyao pale, na magari ya Marekani yalitembelea matairi yaliyotoka humo. Mwaka 1926 mkemia wa Goodrich, Waldo Semon, alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Akachukua PVC, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kigumu kisicho na soko, akaichemsha pamoja na kimiminika kizito. Gundi hakuipata. Alichopata ni kitu laini, kinachonesanesa, kisichopitisha maji. Kutokana na ugunduzi huo tulipata makoti ya mvua, mapazia ya bafuni na ngozi ya nyaya za umeme. Hakuna aliyefikiria samaki.

Aliyemfikiria samaki ni fundi mitambo wa mji huo huo, Nick Creme. Mwishoni mwa miaka ya 1940, yeye na mkewe Cosma waligeuza jiko lao kuwa karakana. Walitengeneza kalibu kwa kutumia nyungunyungu halisi, kisha wakapika vinili, mafuta na rangi kwenye sufuria mpaka wakapata mnyoo ambao hauvunjiki ukikunjwa na haukauki ukiachwa. Hiyo ilikuwa 1949. Kufikia 1951 walikuwa wakiuuza kwa njia ya posta, minyoo mitano kwa dola moja. Napenda kwamba Cosma hutajwa kila habari hii inaposimuliwa. Historia ya uvuvi huwasahau wanawake upesi, lakini jikoni ilikuwa vigumu kumruka.

Nami hupika yangu, kwenye banda la gari, mlango ukiwa wazi. Malighafi ni unga wa PVC ulioelea ndani ya mafuta ya kulainishia, mweupe kama tui la kwanza. Ukiupasha joto, kwanza hujifanya mkaidi: unaganda mabonge na unakataa kukorogeka, na mgeni wa kazi hii hudhani umeharibika. Endelea. Ukifika nyuzi 175 hivi za selsiasi, mabonge yanayeyuka, uji unakuwa angavu kiasi cha kuona chini ya chombo, na hapo ndipo unatia rangi na kuumimina kwenye kalibu ya alumini. Ukichelewa unageuka manjano na kutoa moshi unaochoma koo, moshi ambao si wa kuchezewa. Mnyoo ukishapoa unabaki na mafuta yake ndani, na mafuta hayo hayatulii. Weka minyoo hiyo kwenye kisanduku cha plastiki cha kawaida, na baada ya majuma machache utakuta minyoo imekila kisanduku, kila kitu kimeshikana kuwa ute wa rangi rangi. Ndiyo sababu maduka huuza visanduku maalumu, na ndiyo sababu nawaambia binamu: iacheni ndani ya pakiti yake.

Lakini kwa nini ulaini? Kabla ya Creme, chambo bandia kilikuwa mti au chuma, na kilifanya kazi. Besi aliyeweka rekodi ya dunia, wa kilo 10 na ushei, alivuliwa na George Perry huko Georgia tarehe 2 Juni 1932 kwa chambo cha mti. Tatizo ni namna besi anavyokula. Hang'ati kipande kipande. Hufungua lile domo lake, akavuta maji na kilichomo, na akihisi kitu kigumu hukitema mara moja. Kilicho laini hukiweka mdomoni zaidi kidogo. Nafasi ya mvuvi iko ndani ya hiyo zaidi kidogo.

Mnyoo wa kwanza wa Creme uliuzwa ukiwa umevishwa kabisa: ndoana mbili au tatu zimetokeza nje, shanga, na kipangaboya kidogo mbele. Katika maji wazi ulikwenda vizuri. Kisha ukaja Texas.

Jimbo hili lilipigwa na ukame mbaya miaka ya 1950, na hata kabla ukame haujaisha serikali na miji ilikuwa imeanza kuziba mito kwa pupa. Ziwa Tyler, ninapovua mara nyingi, lilikuwa limeshazibwa 1949, mwaka ule ule wa mnyoo. Sam Rayburn lilianza kujaa 1965, likawa kubwa kuliko Naivasha mara mbili na zaidi. Toledo Bend likafuata kwenye mpaka wa Louisiana, na Lake Fork mwaka 1980. Sehemu kubwa za mabonde hayo hazikufyekwa. Maji yalipanda juu ya misitu ya misonobari na mialoni, na miti ikafia ndani ikiwa imesimama. Hadi leo, asubuhi yenye ukungu, unaona vichwa vyao vyeupe vimejipanga majini mpaka upeo wa macho. Besi waliyapenda makazi hayo, wakanenepa. Creme naye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafungua kiwanda mjini Tyler ili awe karibu na wateja.

Fikiria basi mnyoo wenye ndoana tatu wazi ukitupwa kwenye msitu uliozama. Kila mtupo ni mnyoo uliopotea. Wavuvi wa Texas Mashariki walivua ule mnyoo mapambo yake yote, wakabaki na ndoana moja na risasi moja. Risasi yenye umbo la risasi ya bunduki, tobo katikati, inapita huru kwenye uzi mbele ya mnyoo. Ncha ya ndoana inaingia kichwani kiasi cha nusu sentimita, inatokea ubavuni, ndoana inavutwa na kugeuzwa mpaka tundu lake la uzi linazama kichwani, halafu ncha inarudishwa mwilini na kufichwa humo. Ukimaliza, mnyoo lazima unyooke. Ukipinda hata kidogo utazunguka majini na kuusokota uzi, na besi mzima hadanganyiki na nyungunyungu anayezunguka. Ukinyooka, unapita katikati ya matawi bila kunasa, na ndoana hutoka tu pale mvuvi anapovuta kwa nguvu, samaki akiwa ameubana mnyoo mdomoni. Hiyo ndiyo Texas rigi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuidai peke yake. Ilitoka kwenye vitongoji na kandokando ya mabwawa, kwa watu waliochoka kununua minyoo.

Weka mafunjo mahali pa mialoni, na shida ya ukingo wa Naivasha ni ile ile. Mashina yamesongamana, magugu maji yameelea, na samaki yuko chini ya kivuli, hatua mbili tatu kutoka nchi kavu. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa binamu ni hili: ndoana iliyofichwa, risasi nyepesi ya gramu 3 au 4, na mtupo uende sambamba na ukingo, usielekezwe katikati ya ziwa.

Besi wa Naivasha wenyewe ni wahamiaji. Walitoka Marekani Kaskazini na kuingizwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi ya ukoloni, kwa ajili ya michezo ya walowezi. Mwaka 1970 wakaingizwa pia kamba wa maji baridi, wale wekundu wenye magando, ambao asili yao ni Louisiana, jirani wa Texas. Watu walishangaa besi walivyowachangamkia. Mimi sioni cha kushangaza. Wale wawili ni majirani wa tangu zamani, waliokutana tena ugenini chini ya Mlima Longonot. Ndiyo maana katika mkoba wangu vyambo vya rangi ya kahawia na wekundu uliofifia, vyenye magando mawili nyuma, huwa vingi kuliko minyoo myembamba. Hufungwa vile vile, ndoana ikiwa imezama. Kinachobadilika ni mwendo: kamba akitishwa hurudi kinyumenyume kwa kuruka, kwa hiyo vuta kidogo, tulia, vuta kidogo.

Huku Marekani mchezo wenyewe uliondoka ukingoni. Mwaka 1967 muuzaji bima wa Alabama, Ray Scott, aliandaa shindano Beaver Lake, Arkansas, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S. Mwaka huo huo wa 1968 Forrest Wood alianza kuunda mashua za Ranger katika mji mdogo wa Flippin, jimbo la Arkansas. Tom Mann wa Eufaula, Alabama, aliuza minyoo yenye harufu ya matunda, na alifuga besi mmoja kwenye tangi, Leroy Brown, ambaye alipokufa alifanyiwa mazishi yenye bendi na akawekewa mnara wa jiwe. Sikutunga. Mtu anayesimamishia samaki mnara ni mtu wa kumnunulia minyoo.

Shida yangu na zama hizo ni kwamba tangu hapo ushauri wote hutolewa na mtu aliye juu ya mashua. Chukua Carolina rigi: risasi nzito, ushanga, kiungo cha chuma kinachozunguka, halafu uzi wa sentimita 60 au 90, na mnyoo mwishoni ukielea nyuma. Jack Chancellor alishinda nayo taji la Bassmaster Classic mwaka 1985 kwenye Mto Arkansas, na tangu siku hiyo kila kijana anaitaka. Lakini mwenye mashua hutupa kuelekea nchi kavu na kuvuta akiteremka mteremko. Risasi inaporomoka polepole na mnyoo unaifuata. Wewe uliye ukingoni unatupa kilindini na kuvuta ukipanda. Risasi ile ile nzito inachimba matope, inaingia chini ya kila gogo, na unarudi nyumbani na uzi mtupu. Kwenye mchanga au changarawe, sawa. Kwenye matope ya Karagita, ukingoni mwa Naivasha, ni kumtajirisha muuza risasi.

Msaada mwingine kwa mtu wa miguu ulitoka Japani. Besi walifikishwa Ziwa Ashi mwaka 1925, miaka michache kabla ya Naivasha, na Japani wavuvi ni wengi, maji ni machache, na wengi huvua wakiwa wamesimama nchi kavu. Samaki waliozoea kuonyeshwa ndoana kila siku huwa na wasiwasi, kwa hiyo Wajapani walikwenda kwenye uzi mwembamba, minyoo midogo na mikono ya subira. Miaka ya 1990 Gary Yamamoto, Mmarekani mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, alitoa mnyoo wa Senko. Ukiuona dukani unadhani umeibiwa: hauna mkia, hauna magando, mnene na butu kama haujamalizwa. Siri yake ni chumvi nyingi iliyokandwa ndani. Chumvi inaupa uzito, hivyo hauhitaji risasi. Unatupwa mtupu, unashuka kwa mlalo, na ncha zake mbili zinatetemeka. Ukichoma ndoana katikati ya mwili, ncha wazi, unatetemeka zaidi. Kwenye kidimbwi cha maji angavu, karibu na gati au jiwe kubwa, sijaona kinachoushinda. Kwenye mafunjo usithubutu kuuchoma hivyo. Ufunge kwa mtindo wa Texas, bila risasi.

Minyoo hii haiozi. Iliyochanika huachwa majini, samaki huimeza, na mwaka 2013 jimbo la Maine lilijadili muswada wa kuipiga marufuku kabisa. Sheria haikufika huko, lakini ninawasumbua binamu warudi na vipande vyote mfukoni, na kusema kweli vipande hivyo mimi huviyeyusha upya, kwa hiyo tamaa yangu pia imo.

Safari hii basi nimefungasha vyambo vyenye magando, Senko za kijani iliyochanganyika na vipunje vyeusi, ndoana pana, na risasi nyepesi tu. Lakini niliwauliza pia wanavua nini zaidi siku hizi, nao wakasema ni kapi, samaki aliyeingia ziwani karibu na mwaka 2000 na sasa ndiye anayejaza nyavu na vikaango vyao. Kapi ni mchimba matope. Texas rigi haimhusu. Kwake yeye bonge la ugali kwenye ndoana ndogo linatosha, na ugali hauna haja ya kupitia forodha.