Wachawi wa Kimo Kifupi Waliosubiri Miaka 26

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani na dadu, kila mmoja akiigiza mhusika wake, na msimamizi husimulia yanayowakuta. Aliyetaka kuwa mchawi siku hizo ilimbidi awe binadamu, au elfi wa masikio yaliyochongoka. Hobiti, mwenye kimo cha mtoto, aliruhusiwa kupigana tu, tena asivuke daraja la 4 la uwezo.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Uchawi wa mchezo huu unataka maneno, ishara za mikono na akili iliyosoma. Hautaki misuli. Kumnyima mfupi uchawi na kumkabidhi upanga, ambao ndio unaotaka nguvu, ni kumpa kazi isiyo yake. Lakini Gygax alitaka dunia ya mchezo itawaliwe na binadamu, na mwaka 1979 aliitetea hoja hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha wasimamizi. Wakati huo hobiti alikwishabadilishwa jina na kuwa halflingi, baada ya wenye haki za kazi za Tolkien, mwandishi aliyewabuni mahobiti, kulalamika.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1978, kwa nomu. Huyu ni mfupi wa vilimani, na kitabu cha wachezaji cha mwaka huo kilimruhusu kuwa mwanamazingaombwe. Uamuzi huo ulikuwa na utajiri kuliko ulivyoonekana. Mwanamazingaombwe hategemei moto wala radi. Huumba taswira ya ukuta, shimo au jeshi zima, na adui akiiamini humdhuru kweli. Matokeo hutegemea zaidi jinsi mchezaji alivyoifikiria hila yake kuliko dadu. Nomu pia aliweza kuuchanganya ufundi huo na wizi, akajificha kwa miguu na kwa uchawi. Hata hivyo, awe na akili kiasi gani, daraja la 7 lilikuwa mwisho wake. Toleo la pili, mwaka 1989, lilimsogeza hadi la 15. Halflingi aliendelea kusubiri.

Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa toleo la tatu na kuvifuta vizuizi hivyo vyote. Ufupi wenyewe ukageuka faida: mhusika mfupi alikuwa mgumu kidogo kulengwa na mwepesi zaidi kujificha. Kwa mchawi asiyevaa deraya, hayo ni maisha. Gharama ilikuwa nguvu pungufu na mwendo wa futi 20 badala ya 30.

Toleo la 2008 lilimwacha nomu nje ya kitabu cha kwanza cha wachezaji, akarudishwa katika cha pili mwaka 2009. Kumwacha nje hakukuwa jambo la busara. Mwaka 2014 alirudi na nyongeza kubwa ya akili na kinga dhidi ya uchawi unaoshambulia nafsi, akawa miongoni mwa wachawi bora mezani. Toleo la 2024 limempa yeye na halflingi mwendo wa futi 30 kama binadamu, na silaha nzito hazipimwi tena kwa kimo cha anayezishika, bali kwa nguvu au wepesi wake.