Silikanti, Gombessa, Relicanth

Louis Agassiz, mtaalamu wa visukuku wa Uswisi wa karne ya 19, aliona kwamba miiba ya mapezi ya samaki fulani wa kwenye mawe ina uwazi ndani. Akaenda kwenye Kigiriki, akachukua koilos, chenye uwazi, na akantha, mwiba. Jina hilo lilizunguka dunia likafika kwetu likiwa silikanti, na leo Tanga kuna hifadhi ya bahari yenye jina hilohilo.

Watengenezaji wa michezo ya Pokémon walipomleta mnyama wao wa vilindini mwaka 2002, kwa Kiingereza wakamwita Relicanth. Uwazi wa Agassiz wameutoa, mahali pake wakatia masalia ya kale, mwiba wameuacha. Kwa Kijapani samaki ni shiirakansu na mnyama ni Jiiransu, na mwenye sikio la Kijapani husikia humo jii, mzee. Mimi nalipendelea hilo, maana lina utani wa mjukuu kwa babu.

Maelezo yake katika mmoja wa michezo hiyo yanadai kwamba alipewa jina la aliyemgundua. Litafute jina la mtu ndani ya Relicanth, hulioni. Liko kwa samaki halisi: Latimeria, kwa heshima ya Marjorie Courtenay-Latimer, aliyemkuta kwenye samaki waliovuliwa na meli huko East London, Afrika Kusini, Desemba 1938. Wavuvi wa Komoro, ambao nyama yake hawakuithamini, wao humwita gombessa.

Mchezo wa Sapphire nao unasema ameishi miaka milioni 100 bila kubadilika umbo, na kwamba kinywa chake hakina meno. La meno ni ubunifu mtupu. Silikanti anayo, na hula samaki na ngisi. La kutobadilika limetoka kwenye istilahi ya Darwin ya mwaka 1859, kisukuku hai, ambayo wanabiolojia wengi siku hizi huitumia kwa shingo upande. Jamaa zake wa kwenye mawe walikuwa na maumbo na ukubwa wa namna nyingi, na wamewekwa katika jenasi nyingine.

Ndiyo maana kadi ya Relicanth ya mwaka 2024, katika mchezo wa kadi wa Pokémon, imenivutia kuliko michoro yote. Akiitazama, mvuvi angeshangaa: samaki huyu hakuwekwa kundi la maji, amewekwa la wapiganaji, kwa sababu kwenye kadi viumbe wa miamba huingizwa humo, na magamba yake yamechorwa kama mawe. Ana uhai wa pointi 100, si wa kutisha. Nguvu yake iko kwenye uwezo ambao kwa Kiswahili ningeuita Kuzamia Kumbukumbu: akiwapo mezani, kila Pokémon wako aliyegeuka anaweza kutumia mashambulizi ya maumbo yake ya awali. Charizard anapigana kwa mbinu aliyoijua alipokuwa bado Charmander.

Mageuko ya mchezo huu si ya Darwin. Mnyama mmoja hubadilika umbo akiwa hai, jambo lililo karibu zaidi na kiluwiluwi kuwa chura. Hata hivyo, aliyebuni uwezo huo alimwelewa samaki kuliko aliyeandika yale maelezo ya miaka milioni 100: hakumfanya wa zamani aliyegoma kubadilika, alimpa kazi ya kuwarudishia waliobadilika walichokiacha nyuma. Relicanth mwenyewe ni kadi ya msingi, hana umbo la awali wala la baadaye, kwa hiyo uwezo huo haumfaidii yeye hata kidogo.