Lile Bakuli la Rangirangi la Bibi: Nani Hasa Alilitengeneza?

Kuna yale mabakuli ya kioo ambayo ukiyageuza kwenye mwanga yanatoa zambarau, kijani na dhahabu, kama mafuta ya boti yaliyomwagika ziwani. Kama limo moja kwenye kabati la vyombo la bibi pale Nyegina, usiliuze fasta.

Ule mng'ao unatokana na chumvi za metali, kama za bati, zinazopulizwa juu ya kioo kikiwa bado cha moto. Mwaka 1894 Louis Comfort Tiffany wa New York alisajili jina "Favrile" kwa vioo vyake. Kule Bohemia, leo Jamhuri ya Czech, kiwanda cha Loetz kikabeba tuzo kubwa Paris mwaka 1900. Hivyo vilikuwa vya matajiri. Mwaka 1907 kampuni ya Fenton ya Marekani ikaanza kuvitoa kwa kalibu, bei chee, na mtu wa kawaida naye akapata.

Sasa geuza bakuli. Mistari ya maungio? Limetoka kwenye kalibu. Kovu la duara katikati ya kitako? Mara nyingi lilipulizwa kwa mdomo, na hapo ndipo fimbo ya chuma ililishika. Herufi N ndani ya duara ni Northwood. Neno "Fenton" ndani ya kioo ni la 1970 kuja huku.

Ukiona "L.C.T.", ya Tiffany, kuwa macho, maana matapeli huichonga baadaye. Mikwaruzo ya uzee inatakiwa ipite juu ya herufi. Herufi zikikata mikwaruzo, umepigwa. Na lisilo na jina si feki: Loetz nyingi hazina saini.

Kumbe hata saini halisi haikupi jibu lote. Tanuru za Tiffany zilisimamiwa na Mwingereza Arthur Nash. Taa zake nyingi maarufu zilibuniwa na Clara Driscoll na kikosi chake cha wanawake, na dunia ilikuja kulijua hilo vizuri miaka ya 2000, barua zake zilipopatikana. Wapulizaji wengi hawatajwi popote.

Hata huku kwetu ndivyo ilivyo. Shanga nyingi ambazo misafara ya karne ya 19 ilibeba kutoka pwani hadi bara zilitengenezwa Venice. Wazungu wenye misafara tunasoma majina yao shuleni. Waliozitengeneza na waliozibeba kichwani, majina yao hatuna.

Kwenu lipo? Ligeuze, kisha tuambie hapo chini umeona nini. Na muulize bibi nani alilileta, uandike jina hilo.