Senti Kumi za Akina Mama



Sisi wanawake wa visiwani hatufundishwi kuchanga, tunazaliwa tukiikuta. Kuna mchezo wa kila mwezi, kuna sare ya harusi, kuna zawadi ya mzazi anayetoka arubaini. Na kuna ule mchango usiopangwa: simu inalia usiku, mtoto wa shoga yetu anavushwa Dar es Salaam, au baba wa fulani kaandikiwa India, na kila mmoja anatuma alichonacho. Sisi tunaoshona tunaziona fedha hizo zikipita mbele ya macho yetu. Kitambaa cha sare kinakatwa mezani kwetu, na mara nyingine mteja huyo huyo anaomba tumsubiri kidogo kwa kuwa keshachangia mgonjwa.

Leo tunakuleteeni historia ya mchango wa akina mama wa mbali, ambao faida yake imefika mpaka midomoni mwa watoto wetu. Lakini kwanza tuanzie nyumbani.

Jengo la Mizingani

Ukitoka bandarini Malindi ukafuata njia ya Mizingani, utaliona jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Ndilo linaloitwa Zahanati ya Kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliyetaka pawe hospitali ya kutibu masikini. Mwaka 1891 akafariki, jengo halijaisha. Mjane wake, Bibi Janbai, akaishika kazi ile mkononi mpaka ikamalizika mwaka 1894.

Hebu fikirini, mwanamke mjane, zama zile, anahakikisha ahadi ya marehemu mumewe imetimia. Tunamuombea kila la kheri. Lakini kujenga ni jambo moja, na kulisha ulichojenga ni jambo jengine. Ilipofika mwaka 1900 jengo likaingia mikononi mwa mali ya tajiri mwengine, Haji Nasser Nurmohamed, ndipo ikawekwa zahanati ya hisani chini na juu wakakaa wapangaji. Ndoto ya hospitali kubwa haikutimia kama ilivyokusudiwa. Ilitegemea mfuko wa mtu mmoja, na mwenye mfuko alipoondoka, mambo yakayumba.

Waislamu wa zamani walilijua tatizo hili, na dawa yao ilikuwa wakfu. Mtu alijenga hospitali, kisha akaifungia maduka au mashamba ili mapato yake yalipe waganga, dawa na chakula cha wagonjwa hata yeye akiwa kaburini. Istanbul, katika miaka ya 1840, Bezmialem, mama yake Sultan Abdülmecid, alijenga hospitali ya Gureba na kuiwekea wakfu. Jina hilo ni ndugu wa neno letu gharibu, mgeni asiye na mwenyewe. Hospitali ile bado inatibu watu mpaka leo.

Sasa tuseme kweli. Bezmialem alikuwa mama wa Sultani. Mwanamke asiye na shamba wala duka, mwenye sarafu moja tu kwenye pindo la kanga, yeye atafanya nini? Jibu la swali hilo tunalipata Marekani.

Sarafu ndogo kuliko zote

Karne iliyopita, kila joto lilipoingia, wazazi wa Marekani walikuwa wakiingiwa na hofu. Ndio wakati wa polio. Mtoto analala na homa, asubuhi miguu haimchukui. Wengine ugonjwa ulipanda mpaka kwenye misuli ya kuvutia pumzi, na hao waliingizwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililokuwa likiwavutia hewa, kichwa tu kikiwa nje. Mashine hiyo ilitengenezwa Boston mwaka 1928. Wapo waliokaa humo wiki, wapo waliokaa miaka.

Ugonjwa huu haukuchagua. Mwaka 1921 ulimpata mwanasiasa tajiri, Franklin Roosevelt, akiwa na miaka 39, na miguu yake haikupona tena. Alipokuwa Rais, watu walianza kufanya dhifa siku ya kuzaliwa kwake, 30 Januari, kukusanya fedha za wagonjwa. Mwaka 1938 ikaundwa taasisi rasmi ya kupambana na polio, ikiongozwa na wakili Basil O'Connor, aliyewahi kushirikiana na Roosevelt katika ofisi moja ya sheria.

Mchekeshaji wa redio, Eddie Cantor, ndiye aliyetoa wazo la kuwaomba watu wapeleke senti kumi tu, kwa posta, moja kwa moja kwa Rais. Sarafu hiyo inaitwa dime, na ndiyo ndogo kwa umbo kuliko sarafu zote za Marekani. Kampeni ikaitwa March of Dimes, yaani maandamano ya senti kumi kumi. Siku za mwanzo bahasha zilikuwa chache. Kisha yakaja magunia kwa magunia, mpaka barua za serikali zikapotea katikati ya barua za watoto. Zilihesabiwa sarafu zaidi ya 2,500,000.

Tuangalie siri iliyokuwamo humo. Senti kumi haimtishi mtu. Masikini anaitoa bila kuona haya, na tajiri hawezi kusema hana.

Taa ya barazani

Januari 1950, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, akina mama waliamua kutoka wenyewe. Tangazo likapita mjini kote: usiku fulani, saa moja, anayetaka kuchangia awashe taa ya barazani kwake. Ilipofika saa hiyo, zaidi ya wanawake 2,000 walitoka kupita mitaani. Penye taa walibisha hodi, penye giza walipita. Kwa muda wa saa moja walipata zaidi ya dola 40,000. Mwaka uliofuata matembezi hayo yalienea nchi nzima.

Sisi tunaupenda mpango huu wa taa kwa sababu una sitara ndani yake. Hakuna aliyekamatwa njiani, hakuna aliyesomwa jina lake kwa kutotoa. Asiye nacho alizima taa yake akalala kwa amani.

Fedha zilikwenda wapi

Hapa ndipo ilipo tofauti na michango yetu mingi. Fedha zile ziligawanywa mafungu.

Fungu la kwanza lilikuwa la wagonjwa waliopo. Taasisi ilikuwa na matawi kama 3,000, na familia iliyoshindwa na gharama ilisaidiwa kulipia kitanda, mashine ya kupumulia, magongo na vyuma vya miguu.

Fungu la pili lilikwenda kwenye maabara, kwa watu ambao mama mwenye kikapu cha sarafu hakuwajua wala hakuielewa kazi yao. Boston, madaktari watatu, Enders, Weller na Robbins, waligundua namna ya kukuza kirusi cha polio ndani ya chupa, na mwaka 1954 wakapewa Tuzo ya Nobel. Katika Chuo Kikuu cha Yale, daktari mwanamke, Dorothy Horstmann, alionesha kuwa kirusi hupita kwenye damu kabla ya kufika kwenye mishipa ya fahamu. Kumbe basi kinaweza kuzuiwa njiani! Pittsburgh, Jonas Salk alitengeneza chanjo ya sindano. Albert Sabin naye, kwa fedha za taasisi hiyo hiyo, alifanya utafiti wa miaka mingi uliozaa chanjo ya matone.

Mwaka 1952 ulikuwa mbaya kuliko yote. Wagonjwa walikaribia 58,000 na waliofariki walipita 3,000. Miaka miwili baadaye, Aprili 1954, chanjo ya Salk ikaanza kujaribiwa maskulini. Watoto wapatao 1,800,000 walishiriki, na fomu waliyosaini wazazi haikusema "ninakubali", ilisema kwamba mzazi anaomba mtoto wake ashirikishwe. Tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kuwa chanjo ni salama na inafanya kazi. Kengele zikapigwa, watu wakalia barabarani. Chanjo ile haikuwekewa hatimiliki. Kutoka maelfu kwa maelfu ya wagonjwa, ilipofika mwaka 1962 hawakufika 1,000 Marekani nzima.

Yasiyopendeza nayo tuyaseme

Historia nzuri haifichi. Nchi ile ilikuwa imegawanya watu kwa rangi, na kituo maarufu cha matibabu ya polio alichokianzisha Roosevelt kule Warm Springs kilikuwa cha wazungu. Sarafu ya mama mweusi ilipokelewa, lakini mtoto wake hakulazwa pale. Baada ya malalamiko mengi, mwaka 1941 taasisi ilifungua kituo kingine Tuskegee, Alabama, kwa ajili ya weusi.

Huko huko Tuskegee, wakati wa majaribio ya chanjo, wataalamu weusi walikuza chembe hai kwa wingi ili kupimia damu za watoto. Chembe hizo zilitoka katika mwili wa mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya shingo ya kizazi. Zilichukuliwa bila ya yeye kuulizwa, na familia yake haikujua kwa miaka mingi. Wote waliotoa senti kumi walishukuriwa. Yeye aliyetoa zaidi yao hakupewa hata taarifa.

Na mwaka ule ule wa furaha, 1955, kiwanda kimoja cha California kilitoa chanjo ambayo virusi vyake havikuuliwa sawasawa. Watu 10 walifariki na wengine wapatao 200 walipooza. Chanjo ikasimamishwa kwa muda, ukaguzi ukakazwa, kazi ikaendelea. Fedha ya mchango ni amana, na amana inataka mkaguzi hata pale nia inapokuwa njema.

Matone yakafika kwetu

Chanjo ya Sabin haina sindano, ni matone mawili mdomoni. Ndiyo iliyovuka bahari na kufika katika vituo vyetu vya afya, na ndiyo maana mama wa Unguja na Pemba hubeba kadi ya kliniki na mtoto mchanga begani. Kirusi cha asili cha polio kilionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena kirusi hicho. Halafu mwaka 2022 jirani zetu wa Malawi wakatangaza mgonjwa, kirusi kikiwa kimetoka Pakistan, na watoto wa Tanzania wakapewa matone upya. Kwa hiyo kadi ya kliniki isiachwe kabatini, dada zetu.

Tulifundishwa chuoni kuwa sadaka inayoendelea na elimu yenye manufaa humfuata mtu hadi kaburini. Utafiti wa maradhi, tukiutazama vizuri, una yote mawili: ni elimu yenye manufaa iliyolipiwa kwa sadaka. Mchango wa kumlipia mgonjwa kitanda ni kheri kubwa, tusiuache hata siku moja. Lakini kitanda kikilipwa leo, kesho analala mwengine mwenye maradhi yale yale. Akina mama wale walilipa kitanda, na kwa mkono wa pili wakatafuta namna ya kitanda kuwa kitupu.

Kwetu ugonjwa wa kufikiriwa hivyo tunao, nao unawahusu sana mabibi harusi. Ni seli mundu. Mume na mke wote wakiwa wamebeba chembe za urithi wake, hata kama wao ni wazima, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Muhimbili, madaktari wetu wenyewe wamekuwa wakiwafuatilia na kuwachunguza wagonjwa hawa tangu mwaka 2004, na kazi yao inajulikana duniani. Fedha kubwa ya utafiti ule ilitoka kwa shirika la hisani la Uingereza, Wellcome Trust. Tunawashukuru. Lakini maradhi ni yetu, watoto ni wetu, na sisi tunajua kuchanga kuliko mtu yeyote.

Basi tunashauri hivi. Bibi harusi, kabla ya singo na kabla ya sare, kapimeni damu wewe na mwenzio, mjue mlivyo. Kisha kwenye kikundi chenu cha harusi, wekeni kiasi kidogo juu ya bei ya sare, kidogo kiasi cha kutomtia mtu haya. Kiwe fungu lake peke yake, na daftari lake, na wawili wanaolisimamia, na mmoja asiye katika hao wa kulikagua. Nusu iwe ya wagonjwa wanaolala hospitali sasa. Nusu ya pili iende kwa wanaopima, wanaochunguza na wanaofundisha kuhusu ugonjwa huu, baada ya kuwauliza wazi fedha itafanya kazi gani. Na mchangaji asomewe hesabu kila baada ya miezi michache, aliyetoa shilingi mia tano sawa na aliyetoa elfu hamsini.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azipokee senti zetu ndogo, na azijaalie ndoa zenu ziwe na watoto wenye afya. Aamin.