Waya wa Baharini na Elimu ya Mwili

Zamani aliyetaka kubobea katika anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, aghalabu hakuwa na budi kuacha kazi na kusafiri. Mji wa Edinburgh, huko Uskoti, ulisifika kwa elimu hiyo tangu karne ya 18. Ila sifa yenyewe ina doa, kwani mwaka 1828 Burke na Hare waliwaua watu 16 na kumwuzia maiti zao Dakta Knox, aliyezitumia kufundishia wanafunzi wake.

Mkaaji wa Mombasa alikuwa mbali na madarasa hayo. Waya wa simu kutoka Unguja ulifika kisiwani mwaka 1890, lakini ulilipiwa kwa neno. Somo halifundishiki hivyo. Mwaka 2009 ukatua waya mwingine kutoka Fujairah, uitwao TEAMS, wenye kuchukua hata picha. Tangu hapo mwuguzi aweza kumaliza zamu yake, akarudi Mji wa Kale, na usiku akafuata masomo ya vyuo vya mbali, hata ya Edinburgh kwenyewe, wala mshahara unaolisha watoto usikatike. Kwangu hilo si jambo dogo. Lakini kioo humwonyesha moyo, hakimpi kuushika. Na ustadi wa kisu bado wamngoja penye meza ya maiti.