Akiba, Kache na Nakala za Muda: Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Mtandao

Katika miaka ya karibuni wafasiri wa Kiswahili wamekuwa wakikutana mara kwa mara na dhana moja ya kompyuta ambayo jina lake halijatulia. Dhana yenyewe ni ile ya kuweka nakala ya habari karibu na mwenye kuihitaji, ili asilazimike kuifuata kila mara kwenye chanzo chake cha mbali. Baadhi yao huiita akiba, baadhi hifadhi ya muda, na wengine hutohoa na kusema kache. Katika makala haya tunakusudia kueleza chimbuko la dhana hiyo na namna ilivyofika Afrika Mashariki, kisha tuyapime majina hayo matatu kwa mizani ya historia hiyo. Istilahi iliyochaguliwa bila ya kuijua kazi ya kitu humpoteza msomaji, na katika jambo hili anaweza kupotea pamoja na kazi yake.

Chimbuko la dhana

Dhana hii ilitangulia mtandao. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza namna kumbukumbu ndogo yenye kasi inavyoweza kuwekwa kati ya kichakato cha kompyuta na kumbukumbu yake kubwa iliyo ya polepole. Yanayohitajiwa mara kwa mara hukaa katika ile ndogo, na mengine hubaki katika ile kubwa. Wilkes aliipa jina lenye maana ya kumbukumbu mtumwa. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya System/360 Model 85, iliyokuwa na kumbukumbu ya namna hiyo yenye baiti elfu 16 hadi elfu 32. Wahandisi waliiita kwa jina refu la kueleza tu, na mhariri wa jarida la kampuni ndiye aliyetaka jina lililo bora zaidi. Ndipo likachukuliwa neno ambalo Kiingereza kilikuwa kimelikopa kutoka Kifaransa, na ambalo mzizi wake ni kitendo cha kuficha. Lilifaa, kwa sababu programu hufanya kazi bila ya kuiona kumbukumbu hiyo. Wafasiri watapendezwa kujua kwamba istilahi hii iliyoenea duniani kote ilipatikana mezani kwa mhariri.

Wavuti ya Tim Berners-Lee ilipofunguliwa kwa watu wa nje ya kituo cha CERN mwaka 1991, tatizo lilelile lilirudi kwa sura nyingine: umbali sasa ulikuwa wa bahari na mabara. Mwaka 1994 programu ya seva ya CERN iliwezeshwa kufanya kazi ya wakala, yaani kuwaombea watumiaji wa taasisi moja kurasa za nje na kubaki na nakala zake. Mwaka 1996 ilitolewa programu ya Squid, iliyoieneza kazi hiyo katika vyuo na makampuni ya mtandao. Mwaka 1998 Tom Leighton na Daniel Lewin, wanahisabati wa chuo cha MIT huko Marekani, walianzisha kampuni ya Akamai, ambayo jina lake ni neno la Kihawaii lenye maana ya werevu. Wao waliigeuza kazi upande wa pili: badala ya msomaji kujiwekea nakala, mwenye tovuti ndiye aliyelipia nakala zake zitawanywe katika seva nyingi duniani, na kila msomaji ahudumiwe na seva iliyo karibu naye. Huo ndio mtandao wa usambazaji wa maudhui.

Umbali wa Afrika Mashariki

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki umbali ulikuwa na uzito wa pekee. Kabla ya mwezi Julai 2009, waya wa SEACOM ulipoanza kutoa huduma Dar es Salaam, mawasiliano ya nchi yetu na mtandao wa dunia yalitegemea hasa setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Kwa mwendo wa mawimbi ya redio, safari hiyo peke yake huchukua takriban nusu sekunde. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba hata barua pepe kati ya wateja wa makampuni mawili ya mji mmoja iliweza kupitia ng'ambo. Ili kuliondoa hilo, kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwezi Novemba 2000, kikafungwa baada ya siku chache kwa amri ya mdhibiti, na kufunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam na Arusha nazo zikapata vituo vyao. Utafiti uliotolewa na Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kwa mawasiliano yaliyopitia KIXP, muda wa kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa milisekunde 2 hadi 10. Kituo cha aina hiyo ndipo mahali panapofaa kuwekwa seva za nakala.

Tumchukue mwalimu aliyeko Olasiti, magharibi mwa Jiji la Arusha, anayefungua ukurasa wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Seva kuu za Wikipedia ziko Marekani, lakini mwaka 2022 wenyewe walianza kutumia kituo cha nakala huko Marseille, Ufaransa, mji ambao nyaya nyingi za baharini hufikia. Kutoka Arusha hadi Marseille ni takriban kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Nuru katika waya wa kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Basi kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60. Kivinjari nacho hakiendi mara moja: hubisha hodi kwanza, kisha hupatana na seva juu ya ufunguo wa siri, ndipo kiombe ukurasa. Hizo ni safari tatu, yaani milisekunde 180 kwa uchache. Kwa setilaiti ya zamani zingekuwa sekunde moja na nusu. Nakala ikiwa Nairobi, safari zote tatu huhitaji milisekunde chache tu. Hakuna ufundi uwezao kuizidi kasi ya nuru. Liwezekanalo ni kuufupisha mwendo.

Faida nyingine ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipoharibika baharini na mtandao ukadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Ukurasa ambao nakala yake ipo nchini huweza kuendelea kusomwa wakati kama huo, mradi muda wake haujakwisha.

Kuyapima majina

Wakazi wa miteremko ya Meru wanaijua dhana hii kwa maji. Mlima ni chanzo, mfereji ni njia, na tangi la nyumbani humwondolea mwenyewe haja ya kungoja zamu. Lakini mfano huo una mipaka miwili, na hapo ndipo lilipo jambo la wafasiri. Kwanza, maji yakichotwa hupungua, nakala haipungui. Pili, maji ya tangini ni maji yaleyale ya mlimani, lakini nakala huweza kuachana na chanzo chake. Chanzo kikisahihishwa saa nne, nakala iliyochukuliwa saa tatu husema ya saa tatu. Ndiyo maana kanuni za mawasiliano ya wavuti zilizotolewa mwaka 1997 zilimpa mwenye ukurasa uwezo wa kutaja muda wa uhalali wa nakala, au kukataza isiwekwe kabisa. Orodha ya matokeo ya mitihani, ambayo maelfu huiomba kwa saa moja na ambayo ni ileile kwa wote, yafaa sana kuwekewa nakala. Salio la benki la mtu mmoja halifai.

Sasa tulitazame neno akiba, linaloonekana katika menyu za simu. Wahenga walisema akiba haiozi. Nakala hii huoza, na kuoza kwake ndiko kunakohitaji kusimamiwa. Akiba ni kitu kinachotegemewa mali nyingine ikipotea. Nakala hii huweza kufutwa wakati wowote na hakuna kinachopotea, kwa kuwa chanzo kipo. Sifa za akiba zinaifaa zaidi dhana nyingine, ile ya nakala rudufu inayotunzwa dhidi ya hasara. Hatari yake ni ya pande mbili. Mwananchi anayeambiwa afute akiba huogopa, akaacha simu yake ijae. Karani anayeambiwa kwamba hati zake zimo katika akiba hutulia, akadhani zimehifadhiwa, kumbe zitafutika zenyewe.

Hifadhi ya muda ni bora zaidi, kwa vile inataja muda. Upungufu wake ni kwamba haisemi kuwa kilichomo ni nakala. Kache ni neno fupi, linakubali sarufi yetu bila taabu, nalo linawafaa mafundi. Lakini kwa msomaji wa kawaida halina maana ndani yake.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo huu. Katika maandishi ya kitaalamu, chombo chenyewe kiitwe kache. Katika menyu, matangazo na vitabu vya shule, kilichomo kiitwe nakala za muda, na amri iwe kufuta nakala za muda. Neno akiba liachiwe dhana ya nakala rudufu, peke yake au pamoja nalo. Mtandao wa usambazaji wa maudhui ubaki hivyo, kwani jina hilo linajieleza. Haya ni mapendekezo tu, na usanifishaji una taratibu zake. Walimu na wafasiri watakaoyajaribu darasani na ofisini ndio watakaotuonyesha kama yanaeleweka. Kipimo ni chepesi: msomaji akiisha kuiona amri hiyo, ajue bila ya kuuliza ni kitu gani kitakachopotea na ni kipi kitakachobaki.