Vumbi la Kilembe na Picha ya Mapafu

Reli ilipofika Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956, shaba ya mgodi wa Kilembe ilipata njia ya kwenda kuyeyushwa Jinja, na mji ukakua kwa jasho la wachimbaji waliotoboa miamba ya Rwenzori hadi uzalishaji ulipokoma mapema miaka ya 1980. Kutoboa mwamba mgumu huinua vumbi la silika. Vumbi hilo huacha makovu mapafuni na humwongezea mchimbaji hatari ya kifua kikuu. Tena mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha kwamba vumbi hilo huleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo mzee wa Kasese au Bwera mwenye kikohozi kisichokoma huweza kuwa na kovu, kifua kikuu au saratani, na historia ya kazi yake ndiyo kipimo cha kwanza, hata katika zama hizi za mashine.

Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, huonyesha umbo la doa mapafuni. Uchunguzi wa PET huonyesha utendaji wake: mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, iliyojaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1976, na seli za saratani huifyonza kwa pupa zikang'aa. Daktari hutambua ugonjwa umeenea hadi wapi, kama upasuaji utafaa, na baadaye kama dawa zinafanya kazi. Lakini vidonda vya kifua kikuu na makovu ya silika huweza kung'aa vilevile. Asiyejua mgonjwa alipitia wapi anaweza kuisoma picha hiyo vibaya. Hata anayejua atahitaji biopsi, yaani kupima kipande cha tishu.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu za wazee hufifia, na kwamba Kasese inahitaji mashine, si masimulizi. Uhaba wa mashine ni wa kweli. Ila florini-18 inayotumika katika sukari hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110, hivyo lazima itengenezwe karibu na mashine. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilizindua huduma ya PET mwaka 2018. Mgonjwa wa Bwera ndiye anayesafiri, na uamuzi wa nani asafiri hufanywa nyumbani, kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Madhara ya silika nayo hujitokeza miaka mingi baada ya mchimbaji kuacha kazi, kwa hiyo kufungwa kwa mgodi hakukufuta deni lake. Kila faili la mgonjwa wa kifua lianze na swali hili: ulifanya kazi gani, wapi, kwa miaka mingapi?